Mkoba Uliotoka Jasho Jekundu

Mkoba ulianza kutoka damu saa saba mchana, ukiwa umetundikwa kwenye msumari, mbele ya watu.

Ndivyo walivyosema waliokuja mbio kumwita Sajenti Mwinshehe. Wakati huo alikuwa kwa mama lishe nyuma ya soko la Mwanga, akimchambua samaki wa mgebuka mwiba kwa mwiba. Aliwasikiliza hadi mwisho bila kuacha kutafuna.

"Huo mkoba," akauliza, "umepigwa au umejikwaa?"

Hakuna aliyecheka. Watu wa Mwanga hucheka hata msibani, tena kwa sauti. Ukimya ule ndio uliomfanya amwache mgebuka nusu.

Kibanda kilikuwa cha Bi Ashura, mwanamke wa Ujiji ambaye soko zima lilimjua kwa mdomo wake na kwa mikoba yake. Mikoba ya ngozi ya mitumba ilimfikia imekunjamana ndani ya robota, imeota ukungu, bizimu zimeshika kutu. Yeye aliifuta, akaijaza magazeti mpaka ikapata tumbo, akaipaka mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi, mpaka ngozi ikakumbuka kwamba zamani ilikuwa ng'ombe. Alipomaliza, mwanamke wa Kigoma aliweza kuivaa kanisani au harusini na asitokee mtu wa kumuuliza ilitoka bega la nani.

Leo walikuwa wanauliza.

Watu walikuwa wamefanya nusu duara, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele. Katikati, kwenye nguzo, ulining'inia mkoba wa kahawia wenye kifungo cha kijani. Chini, kwenye mshono, palikuwa na tone. Lilivimba polepole, likang'aa, likaning'inia muda mrefu kuliko tone la maji linavyoweza, kisha likadondoka. Mchanga ulikuwa na doa jekundu la ukubwa wa sahani. Upepo haukuwapo, lakini mkoba ulikuwa ukigeuka taratibu kwenye msumari, huku, halafu huku, kama mtu anayetafuta uso anaoujua.

"Ni wa yule wa Mwamgongo!" alipiga kelele Veneranda, mchuuzi aliyeleta dagaa wake kutoka kijiji hicho cha kaskazini.

"Nani wa Mwamgongo?"

"Mwanamke wa ziwani, Afande! Wavuvi wetu walimwopoa alfajiri moja, ukungu umelala majini. Yuko kwa mjane mmoja pale kwetu. Hasemi. Halali. Kutwa anayatazama maji. Ana hirizi ya ngozi mkononi, ukiigusa tu anakung'ata. Tangu aje, hata boti ya Gélase inayotubebea mizigo haitui kwetu. Anapita kule mbaaali, dagaa wetu wanabaki mchangani. Sasa jini kaja kudai mkoba wake!"

"Jini mwenye mkoba," alisema Mwinshehe. "Anatia nini humo, kitana?"

Alisogea. Damu ile haikuwa na nzi. Dagaa wa Veneranda walikuwa na nzi, mgebuka wake kule mezani bila shaka alishapata nzi wake, lakini hapa hapakuwa na hata mmoja. Akakinga kidole chini ya mshono. Tone likatua, zito, la uvuguvugu. Akalinusa. Kisha akalilamba.

Mwanamke mmoja kule nyuma alizirai, au alijifanya.

"Linataka chumvi," alisema Sajenti. "Mawese haya, jamani! Mmekulia mawese kama mimi, leo yakiyeyuka juani kidogo mnayakimbia?"

Hapo walicheka, kicheko kifupi cha watu wanaodaiana aibu. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa ameketi chini, amekumbatia nguzo ya kibanda cha jirani, macho hayabanduki kwenye kile kifungo cha kijani.

"Si wa jini," alisema, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. "Ni wa Mélanie. Mdogo wangu."

*

Walikaa watatu nyuma ya pazia la kibanda, mkoba umewekwa kwenye sinia katikati yao. Hata kivulini uliendelea kutoka jasho.

Mwanamke yule aliitwa Spesiosa Ndayikunda. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila kwa kibali, na alijieleza upesi upesi, kama mtu aliyekwisha kuhojiwa na watu wengi wenye meza.

"Kifungo hicho ni cha koti la marehemu baba. Bizimu ilipovunjika nilikishona mimi, tukiwa bado kwetu ng'ambo, Buyenzi. Mvua zilipoanza, Mélanie alivuka na wenzake kwenye boti ya mawese. Wenzake walishuka Kagunga, pale mpakani, ndio walionipa habari. Yeye alibaki botini peke yake, alisikia niko Kigoma mjini, akataka kufika moja kwa moja. Mwenye boti hawamjui jina. Toka hapo, kimya."

Mwaka ule wa tisini na saba ziwa lilileta watu kila kukicha, na kila aliyeshuka alikuwa akimuulizia mwingine. Mwinshehe alikuwa amejifunza kutoahidi.

"Afande, sikuombi umkamate mtu," Spesiosa aliendelea. "Nataka kujua jambo moja tu. Kama amekufa, nimlilie. Kama yu hai, nimtafute. Hapa katikati nimeshindwa kukaa."

Sajenti alimgeukia Bi Ashura, aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi kama vile mazungumzo hayamhusu.

"Bi Ashura. Mkoba huu umeutoa wapi?"

"Kwenye robota, mwanangu. Nitoe wapi tena?"

"Robota la Ulaya?"

"La Ulaya."

"Kumbe Wazungu nao siku hizi wanapikia mawese."

Bi Ashura alitazama mabati. "Labda nilizidisha kuupaka."

Mwinshehe aliinuka, akatwaa mkoba mwingine kwenye kamba, mweusi, uliokwisha kutengenezwa. Akausugua kwa leso yake nyeupe kwa nguvu zote. Leso ilibaki nyeupe.

"Wewe unapaka mise," alisema. "Mise hayaachi wekundu. Tena unapaka nje tu, mafuta yenyewe unavyoyabania." Akaufungua mkoba wa kahawia na kuukunjua. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimelowa hadi pembeni, kizito, kimenata kama ulimi. "Huu haukupakwa. Umezamishwa mzimamzima. Na hiki nini?"

Kwa ncha ya kalamu alichokoa kwenye mshono kidonge cheupe, laini. Akakivunja kati ya vidole.

"Unga wa muhogo," alijijibu mwenyewe. "Uliufukia kwenye unga ili unyonye mafuta. Kwa hiyo ulikuja kwako umeshalowa."

"Haya, ulilowa!" alisema Bi Ashura. "Nimeufukia, nimeufukua, nimeufukia tena. Unga unageuka mwekundu, mkoba haukauki. Unga wote wamekula bata."

"Wanaendeleaje?"

"Wananenepa. Nitakuletea mmoja uache kunisumbua." Kisha akaacha kujipepea, sauti ikashuka. "Lakini nikwambie kweli, Sajenti. Mikoba ya watu nimeshika mingi. Huu nikiufunga kifungo jioni, asubuhi naukuta wazi. Kila siku. Kama kuna mtu amekuja kuangalia kama vitu vyake vimo."

Mwinshehe aliitafutia kauli ile mzaha, akaukosa. "Nani alikuletea?"

"Simtaji."

"Kwa nini?"

"Ndiye anayeniletea mise. Nikimtaja, mikoba nitapaka mate?"

Wakati huo Spesiosa alikuwa ameshika mkanda wa mkoba, akiupitisha vidoleni kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkanda ulikuwa mkavu kabisa.

"Huu si wa Mélanie," alisema. "Wake ulikuwa mrefu. Aliporwa mara moja sokoni, basi tangu siku hiyo akawa anauzungusha mkononi mara mbili. Akila, umo. Akilala, umo. Tulikuwa tunamcheka, tunamwambia siku ukiolewa utamfunga na bwana harusi."

Bi Ashura aliweka chini kipande chake cha boksi. Halafu akapiga magoti, akavuta kopo kutoka chini ya meza, kopo lililojaa vipande vya ngozi, pete, ndoana na vifungo vya mikoba iliyomshinda.

"Mimi situpi kitu," alinong'ona, na kutoa vipande viwili vifupi vya ngozi ya kahawia, kila kimoja si kirefu kuliko kidole gumba. "Mkoba ulikuja hauna mkanda. Vilikuwepo hivi tu, kimoja huku kwenye pete na kingine huku. Nikafumua nyuzi, nikaweka mkanda mwingine. Kisu changu hakijavigusa."

Mwinshehe alivipeleka kwenye mwanga wa tundu la bati. Ncha zake zilikuwa laini, zimekwenda mshazari.

"Mkanda ukichakaa hukatika upande mmoja," alisema. "Ukishakatika upande mmoja kazi imekwisha, huu wa pili haupati tena mvuto wa kuukata. Huu umekatwa huku na huku. Kwa kisu, na kwa haraka." Akaazima wembe wa Bi Ashura, akakipasua kipande kimoja kwa urefu, taratibu, kama anayepasua maharage. Ndani ya ngozi wekundu ulikuwa umekolea kwenye ile ncha iliyokatwa, ukapauka kadiri ulivyokwenda mbele. "Na mawese yaliingilia hapa. Kwenye kidonda. Kilianza kisu, mawese yakafuata."

Kwenye sinia, tone lingine lilijitenga na mshono.

Spesiosa hakulia. Aliuweka mkono wake juu ya goti la Bi Ashura.

"Mama," alisema. "Mtaje."

Bi Ashura alifumba macho. "Gélase," alisema. "Boti yake iko Katonga."

*

Katonga ilikuwa na harufu ya samaki na moshi, na wanunuzi waliokuwa wakigombana kwa furaha. Mwinshehe alimwacha Spesiosa miongoni mwao na kwenda peke yake hadi majini, kikapu mkononi, kimefunikwa kanga.

Gélase alikuwa ndani ya boti akipanga madebe ya mawese. Wazazi wake walivuka mpaka kama wakimbizi mwaka wa sabini na mbili. Yeye alikulia hukuhuku, akajua kila jiwe la ufuko kuanzia Kagunga. Mtu mpole, mwimbaji wa kwaya. Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko safari zake.

"Za ziwa, bwana Gélase?"

"Ziwa lipo, Afande. Lina wivu kidogo siku hizi, lakini lipo. Watoto hawajambo? Mama watoto?"

"Hawajambo wote. Nimekuletea mgeni."

Akafunua kikapu, akauweka mkoba juu ya ubao wa kukalia. Jua la alasiri liliupiga, ukang'aa kama umeoga sasa hivi. Gélase alirudi nyuma mpaka mguu wake ukaingia kwenye maji ya chini ya boti, na hakuutoa.

"Bado unatoka?" aliuliza.

"Unatoka nini?"

Gélase akageukia madebe yake.

"Mtu akiletewa mkoba asioujua," alisema Mwinshehe kwa upole, "huuliza ni wa nani. Wewe umeuliza hali yake, kama ndugu yako aliyelazwa."

"Naujua, sikatai." Gélase alijifuta uso. "Ni wa mama mmoja niliyemvusha. Aliuficha mwenyewe kwenye debe langu. Wengi wanafanya hivyo, Afande, wewe unajua. Askari wa kule hawatii mikono kwenye mawese. Akashuka Mwamgongo, akaniachia. Zawadi."

"Alishuka salama?"

"Kwa miguu yake mwenyewe."

"Na mkanda wake? Alipokuachia, ulikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Ulikatika baadaye, nyumbani. Watoto walikuwa wakiuchezea."

Mwinshehe alivitoa vile vipande na kuviweka kwenye kiganja chake.

"Bwana Gélase, mawese yameingia ndani ya mkato huu kama maji kwenye utambi. Mkanda ulikatwa kwanza, ndipo mkoba ukazamishwa. Kwa hiyo watoto wako waliukata mkanda wakiwa nyumbani, kabla mkoba haujaingia kwenye debe lililokuwa ziwani. Una watoto hodari."

Gélase akafunika debe lililokuwa wazi.

"Basi tusibishane," alisema Sajenti. "Washa injini, twende Mwamgongo tukamuulize mwenyewe."

"Injini mbovu."

"Imekuleta asubuhi hii na madebe yote haya."

"Mwamgongo siendi."

"Wenyewe wa kule wamelalamika. Wanasema unapita mbali. Mtu ulimshusha salama pale, unaogopa nini?"

"Siendi!" Sauti ilitoka kali mno, wanunuzi wa samaki wakageuka. Gélase aliketi juu ya debe. Alipoanza tena alikuwa akizungumza na mkoba.

"Sikumsukuma. Mke wangu alikuwa na hamu ya mkoba wa ngozi, wa kwendea kanisani. Nikamwambia yule mama, niachie huo. Akakataa. Nilidhani anatania. Nikavuta, kumbe ameuzungusha mkononi. Nikachukua kisu cha nyavu, nikakata huku, nikakata huku. Alikuwa anavuta na yeye. Mkanda ulipoachia akaenda chali. Ukungu, Afande, hata mkono wako usingeuona. Nilisikia ameita mara moja. Nikasubiri..."

"Ulisubiri?"

Maji yalipiga ubavu wa boti.

"Sikusubiri," alisema Gélase. "Nikautia mkoba kwenye debe watu wasiuone pale bandarini. Nilipoutoa, haukukauka tena. Mke wangu hata hakuushika. Aliukuta asubuhi umelowesha mkeka, akaenda kwa dada yake. Ndipo nikampa Ashura. Kisha wakaanza kusema kuna mwanamke ametoka ziwani, pale pale alipoangukia, Mwamgongo. Amekaa anatazama maji. Afande, ananisubiri mimi. Nikipita hata mbali vipi, najua ananiona."

Mwinshehe hakumsikia vizuri mwishoni. Alikuwa akimsikia Veneranda, mchana ule sokoni: ana hirizi ya ngozi mkononi, ukiigusa tu anakung'ata. Na mzaha wake mwenyewe kuhusu kitana.

Alitazama nyuma, kule Spesiosa aliposimama kati ya ndoo za samaki, mikono imekumbatia mabega.

"Gélase," alisema, "jini halimng'ati mtu kwa ajili ya mkanda."

*

Walifika Mwamgongo asubuhi ya siku iliyofuata, kwa boti ya mtu mwingine. Gélase alikuwa amelala mahabusu, na wenzake wa selo walilalamika kwamba aliomba taa isizimwe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mzito, na njia nzima Spesiosa alikaa mbele kabisa ya boti. Mwinshehe alijaribu mizaha miwili. Wa pili aliuacha katikati.

Kijiji kiliwapokea kwa mbali. Watu walitoka, wakafuata nyuma, wakasimama walipofika kwenye miti ya michikichi. Kuanzia hapo walikwenda wawili. Mbele ya nyumba ya mjane palikuwa na sahani zimepangwa chini: dagaa, ugali, ndizi. Kijiji kilikuwa kikimlisha, lakini hakuna aliyevuka kizingiti.

"Mwakeye," mjane aliwasalimu kwa Kiha, na kuwapisha. "Ingieni. Mkono wa kushoto msiguse."

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo kwao, uso kwenye dirisha lililotazama ziwa. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa. Mabega yalikuwa membamba mno, yangeweza kuwa ya mtu yeyote. Spesiosa alisimama mlangoni. Kinywa kilifunguka, jina halikutoka. Mwinshehe alielewa: akiita, na uso utakaogeuka usiwe wenyewe, hatakuwa na jina jingine la kuita.

Basi Sajenti aliinama, akautoa mkoba kikapuni na kuutelezesha kwenye mkeka mpaka ukagusa goti la mwanamke yule. Kwa baridi ya asubuhi mafuta yalikuwa yameganda. Kwa mara ya kwanza tangu ashike kesi ile, mkoba ulikuwa mkavu.

Mwanamke aliutazama. Mkono wa kulia ukatoka, ukakigusa kifungo cha kijani, ukakifungua, ukakifunga. Kisha ukatoka wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimefungwa ngozi ya kahawia, imezungushwa mara mbili, imebana hadi nyama pembeni imekuwa nyekundu, na ncha zake mbili zimekatwa mshazari. Alishika ule mkanda mpya wa Bi Ashura, akaukunja, akaunusa, akauvuta kuupima nguvu.

Sauti ilipotoka ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango uliofungwa muda mrefu.

"Nani kaniwekea mkanda mbaya hivi?"

"Yoo, Mélanie," alisema Spesiosa, na kwenda kuketi kando yake kwenye mkeka.

Mwinshehe alitoka nje. Ukungu ulikuwa unanyanyuka, na nusu ya kijiji ilikuwa imesogea hadi kwenye sahani. Mbele yao alisimama Veneranda, aliyerudi na boti ya jana jioni ili asipitwe na lolote.

"Afande! Jini linasemaje?"

"Linamtafuta Bi Ashura," alisema Sajenti. "Halijapenda ushonaji wake."

Walimkodolea macho, hawajui kama wacheke. Mwinshehe akachutama, akachagua dagaa kwenye sahani ya karibu, maana tangu jana alikuwa hajamaliza chakula. Alipogeuka kumwambia mjane aje ale na yeye, mjane aliweka kidole mdomoni na kuonyesha ndani. Mélanie alikuwa amelala, kichwa mapajani mwa dada yake, mkono wa kushoto uko wazi juu ya mkeka, hauna tena ule mkanda.